Siku Tuliyotoboa Ukuta wa Tembe

Wajukuu zangu wamezoea kusikia kwamba reli ya Wadachi, ndio Wajerumani, ilipofika Dodoma sisi Wagogo tulikaa pembeni, midomo wazi, tukilitazama garimoshi likipita. Anayesema hivyo hakuwapo. Mimi nilikuwapo na sikukaa pembeni. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto wawili na jembe langu, na jembe hilo nililipiga kwenye ukuta wa nyumba ya mume wangu mchana kweupe. Ninaandika habari hii kwa mkono wangu, mkono uliojifunza herufi nikiwa tayari na mvi, kwa sababu kila mwaka naisikia ikisimuliwa na wanaume, na kila mwaka ukuta ule unatobolewa na wao.

Nianze na nyumba yenyewe. Tembe letu lilikuwa refu na fupi: refu kwa kuzunguka, fupi kwa kimo, maana mtu mrefu aliinama ndani. Dari lilikuwa la miti na udongo, bapa, na juu yake tulianika mtama na watoto walicheza. Pande zake nne zilizunguka zizi la ng'ombe, na vyumba vyote vilifungua milango yake ndani, kuelekea zizini. Nje palikuwa na ukuta mtupu tangu pembe hadi pembe, na lango moja tu ambalo jioni lilizibwa kwa magogo na miiba. Nyumba ilijengwa hivyo kwa sababu ya fisi na wezi wa mifugo, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ingeweza kujengwa vingine.

Ndani ya ukuta huo tulikuwa na meko tisa. Mume wangu na mimi tulikuwa na chumba upande wa mashariki, na mama mkwe wangu, mjane, alikuwa na chake mlango wa pili. Waliobaki walikuwa ndugu wa mume wangu, binamu zake, na majirani waliounganisha kuta zao na zetu. Katika pembe moja alikaa Mrangi, Mwislamu wa Kondoa, mwuza tumbaku na asali, pamoja na mkewe. Huyo alijua Kiswahili cha pwani kuliko sisi sote, na kwa hiyo alikuwa masikio yetu pale stesheni.

Nyuma ya tembe, upande wa mashariki, juu ya mwinuko, palikuwa na mahame. Mahame ni mahali ambapo nyumba ilikuwapo na watu wakahama. Tembe la zamani la baba mkwe wangu lilisimama pale hata alipokufa. Alizikwa katika zizi lake mwenyewe, chini ya miguu ya ng'ombe wake, kama ilivyompasa mwenye mji. Kisha wanawe wakajenga hatua mia mbili mbele, na kuta za zamani zikaachwa ziyeyuke kwa mvua. Lakini mavi ya ng'ombe ya miaka yote ile yalibaki. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini, na uwele wake ulimzidi mtu kimo hata mwaka ambao kwingine tulivuna majani. Wanawake tisa tulikuwa na vipande vyetu pale, na njaa ilipokuja, na katika nchi yetu njaa huja, ni vipande hivyo vilivyotuvusha. Mtoto wangu wa kwanza nilimwachisha ziwa kwa uji wa uwele wa mahame. Kwa mtu asiyejua, palikuwa ni uwanja wenye visiki vya nguzo na tuta moja la mawe.

Siku moja Mrangi alirudi kutoka stesheni, akakaa zizini bila hata kutua mzigo wake wa tumbaku, akatuambia kuwa Wadachi wa reli wanataka nyumba za watu wao. Makarani, mafundi, wapiga nyundo, wote walikuwa wakilala katika mahema na mabehewa. Sasa wangejengewa nyumba za matofali zenye bati, safu mbili zinazotazamana, na vyoo nyuma. Tulimwuliza wapi. Akanyoosha kidole mashariki. Mwinuko ule ni mkavu, wamesema, uko karibu na stesheni, na hauna mtu.

Wote tukasema kwa pamoja. Wanawake tulianza na maji. Visima vyetu vilichimbwa katika mchanga wa korongo chini ya mwinuko huo, na vyoo vya watu arobaini vingekuwa juu yake. Uchafu haupandi, unashuka. Wanaume walisema ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa, katikati ya nyumba za watu, wakizibwa na kamba za nguo? Mwenye mabinti wawili alisema safu mbili za vijana wasio na wake si jirani wa kutamani. Kuna aliyesema bati likimulika juani litafukuza mawingu, tukamcheka, naye akanuna na kutuambia tungoje tuone. Mama mkwe wangu alisema jambo moja tu. Alisema mumewe hatalala chini ya choo cha karani.

Mimi nilisema nini? Nilitukana. Sikuzaliwa na subira, na wakwe zangu walikuwa wameshachoka kunisamehe. Walisema ni kwa kuwa nilitoka Kibakwe, milimani, mahali pa maji mengi, na watu waliolelewa na maji huota pembe. Mgeni njoo mwenyeji apone, Mrangi alisema, akijaribu kututuliza. Nikamwambia mgeni huyu anakuja mwenyeji ahame.

Punde akaja bwana mpimaji na mnyororo wake na vibarua, wakapigilia vigingi vyeupe katika uwele wangu, uliokuwa umefika magotini. Walipoondoka niling'oa viwili nikapikia ugali. Vilikuwa vya mti mzuri, viliwaka bila moshi. Siku ya tatu akaja akida, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali kututawala, amevaa kanzu nyeupe na koti juu, akauliza vigingi viko wapi. Wakati ule kung'oa kigingi cha serikali ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kiboko chenyewe, na tulikuwa tumeona mgongo wa mtu wa kijiji jirani. Nilisimama na kibuyu cha maziwa mkononi. Mama mkwe wangu akamwambia akida kwamba mbuzi wa mwaka huu wanakula kila kitu. Akida alimtazama, akakitazama kibuyu, akanywa maziwa akaenda zake. Hata hivyo alituachia habari kwamba bwana shauri mwenyewe, Mdachi mkuu wa wilaya, angekuja kutoka bomani kusikia maneno yetu, kisha angeamua.

Bwana shauri alikuja asubuhi, yeye na mpimaji, na akida, na askari wanne. Kiti chake kiliwekwa nje ya lango letu. Wanaume walikaa chini mbele yake, sisi wanawake tukasimama nyuma kando ya ukuta. Mume wangu ndiye aliyesema. Nataka ieleweke kwamba alisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema, na nilijivunia. Alieleza maji na njia ya ng'ombe. Alieleza kaburi la baba yake. Mrangi alifasiri, na akida alisikiliza kama Mrangi anafasiri sawasawa.

Bwana shauri naye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alijibu kwamba serikali haichukui shamba la mwenye nyumba. Kila mwenye nyumba ataachiwa nyumba yake na ardhi yake ya kutosha kulima, na watoto wake walime baadaye. Ni ardhi isiyo na nyumba tu ambayo ni ya serikali. Tulipumua. Nilimwona mume wangu akilegeza mabega. Kisha bwana akageuka kwa akida akauliza, "Hapa pana nyumba ngapi?"

Akida akafungua daftari lake la kodi akasoma. Nyumba moja.

Hapa lazima niseme tulichokuwa tumekifanya, na si jambo la kujivunia, ingawa tulijivunia sana. Kodi ya Wadachi ilikuwa ya nyumba. Tangu mwaka wa kwanza akida alipokuja kuhesabu, tulimwambia sisi sote ni nyumba moja: lango moja, dari moja, zizi moja, basi tofauti iko wapi? Tulizima meko manane tukaacha moja. Tulirundika vyungu vyote katika chumba cha mama mkwe, na watoto wote wakaambiwa wamwite yeye mama. Akida hakuwa mjinga. Aliona majivu ya moto yakiwa bado yanafuka, lakini alipewa beberu akaandika moja. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na uliofuata. Wanaume walicheka mpaka machozi kila alipoondoka. Huko Buigiri alikoolewa wifi yangu walisikia ujanja wetu nao wakauiga. Katika nchi nzima sidhani kama kungekuwa na watu wengine wa kunaswa katika mtego huu isipokuwa sisi wa matembe, maana mtu mwenye kibanda chake hawezi kusema kibanda cha jirani ni chumba chake.

Sasa tulikuwa nyumba moja. Bwana shauri alisimama, akatembea toka langoni, akanyoosha fimbo yake huku na huku, akaonyesha ardhi ya nyumba moja. Ilikuwa kipande cha mbele, kigumu, chenye changarawe, ambapo hata magugu yalikuwa yanajuta kuota. Mahame yote, tangu ukuta wetu wa nyuma hadi reli, yalikuwa ardhi tupu.

Mume wangu alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema tisa. Lakini akida alikuwa anamtazama, na macho yake yalisema wazi: sema tisa, na hao askari wataanza na wewe, mwongo wa miaka yote hii. Mume wangu alifunga mdomo. Yeyote mwingine mahali pake angefunga. Mama mkwe aliyekuwa kando yangu akasema polepole, "Njia ya mwongo fupi," na ndiye yeye aliyetufundisha kuzima meko.

Bwana alisema atakwenda stesheni kula na kupumzika, na jua likiinama atarudi kuona vigingi vikipigiliwa mbele yake, ili visiliwe na mbuzi tena. Wanaume wote wa tembe wakaamriwa kumfuata wakabebe hivyo vigingi. Wakaenda kwa mstari, askari mbele, askari nyuma. Tukabaki wanawake tisa, watoto, na mbwa.

Wengine walikaa chini kulia. Mimi nilikuwa na hasira ambayo haikunipa nafasi ya kulia. Nilizunguka ukuta wetu kwa nje mara moja, nikautazama ulivyo mtupu, na nilipofika upande wa mashariki nikakumbuka nyumba ya mama yangu. Kwetu Kibakwe wengine hujenga msonge, nyumba ya mviringo, na kila mke ana wake, na mlango wake unatazama nje. Mtu akipita njiani anahesabu wake za mtu bila kuuliza. Nikarudi nikawaambia wenzangu tutoboe ukuta. Kila mmoja atoboe mlango wa nje kwenye chumba chake, na bwana akirudi ahesabu mwenyewe.

Walinicheka, hata wale waliokuwa wakilia. Mmoja akasema haya ndiyo mambo ya milimani. Mwingine akasema tutachapwa, na mimi nikasema watanichapa mimi kwanza, nitasema ni shauri langu peke yangu, na kweli lilikuwa langu. Mke wa Mrangi ndiye aliyeondoka wa kwanza. Hakusema kitu, akaingia chumbani mwake, na tukasikia kishindo cha jembe ukutani kutoka ndani.

Mama mkwe hakutaka. Alisema nyumba ina uso na ina mgongo, na mtu hatoboi mgongo wake. Alisema fisi wataingia. Alisema atakayetoboa leo ndiye atakayelala macho maisha yake yote. Yote hayo yalikuwa kweli, na nilimwambia ni kweli. Kisha nikamwambia kwamba jua likiinama watachimba choo juu ya mumewe, na kwamba nikimaliza changu nitakuja kutoboa na chake, apende asipende. Sikuwahi kusema na mkwe wangu hivyo, na sikuwahi kusema hivyo tena.

Mama mkwe alinigeukia. "Mwanangu," akasema, "ukuta wangu hautatobolewa kwa jembe lako." Akaingia ndani akatoka na la kwake.

Kutoboa tembe si kazi ya mchezo. Ukuta ni nguzo na fito na udongo wa miaka, na ukikata nguzo isiyofaa dari lote linakushukia na mtama wako. Nilipiga katikati ya nguzo mbili, udongo ukaruka machoni, fito zikagoma, nikazikata kwa panga. Mwanangu mkubwa aliyatoa mabonge kwa mikono. Katika chumba kilichopakana na cha mama mkwe kipande cha dari kiliangukia chungu cha mlenda, na mwenyewe alitoka mweupe kwa vumbi akitukana ukoo wetu wote. Lakini aliendelea. Mwanga ulipoingia chumbani mwangu kwa mara ya kwanza niliona vitu vyangu nisivyowahi kuviona vizuri: ngozi ya kulalia iliyochakaa, jiwe la kusagia, na juu kwenye dari masizi meusi yanayong'aa, ya moto wa miaka sita niliyopika humo. Nilisimama nikiyatazama. Halafu nikapita mlango hadi mlango kuwaambia wenzangu wakoke moto, na wasifagie chochote.

Jua lilipoinama tulikuwa tumekaa, kila mmoja katika tundu lake, jembe magotini, moshi ukitoka nyuma yake. Mama mkwe alikaa katika lake upande wangu, mgongo wima, ameutazama mwinuko.

Wakaja. Wanaume wetu walikuwa mstari, kila mmoja na tita la vigingi begani. Mume wangu alikuwa wa tatu. Aliponiona nimekaa katika ukuta wa nyumba yake alisimama, aliyekuwa nyuma akamgonga, na mstari wote ukavurugika. Sikucheka wakati ule. Nilikuwa naogopa.

Akida alifoka, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa maneno machache ya Kidachi aliyoyajua. Alimwambia bwana huu ni udanganyifu, milango hii haikuwapo asubuhi, wachapwe wote. Bwana shauri alikuja mpaka kwangu, akashika ukingo wa tundu, udongo ukamomonyoka mkononi mwake. Akauliza ni nani aliyeanza. Nikasimama. Nilisema Kiswahili changu kibovu cha wakati ule, bila kumngoja Mrangi.

"Ukuta tumeutoboa leo, bwana, na mimi ndiye niliyeanza. Lakini moto haukuwashwa leo. Ingia utazame juu."

Nilidhani askari atanishika. Bwana aliinama akaingia, kofia ikagonga fito. Nilimsikia anakohoa moshi. Kisha alitoka akaingia kwa mama mkwe, akaingia kwa yule wa mlenda, akazunguka pembe, na sisi tukabaki tunasikia kikohozi chake kikihama chumba hadi chumba. Aliporudi mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Hakututazama sisi. Alimtazama akida, akamwuliza masizi kama yale huchukua miaka mingapi, na yeye amehesabu nyumba hii miaka mingapi.

 Bwana akajifuta mkono kwenye kanzu ya akida, juu, chini, kila upande, taratibu, kama mtu anayejifuta kwa kitambaa. Nilifurahi. Mara nikaona haya kwa kufurahi, kwa sababu mtu ni mtu, na wanawe walikuwa wakipita kwetu kunywa maziwa. Lakini sitadanganya: nilifurahi kwanza.

Sidhani bwana yule alituhurumia. Nyumba tisa zilikuwa kodi tisa, na alikuwa mtu wa kodi. Akamwambia mpimaji akae na karatasi yake aandike. Wakapita mlango hadi mlango, wakiuliza kila mmoja: mwenye mlango huu nani? Mlangoni tulikuwa sisi. Wanaume walikuwa wamesimama na mizigo yao begani, kwa kuwa hakuna askari aliyewaambia watue, na hakuna aliyewauliza. Majina tisa yaliyoandikwa yalikuwa majina ya wanawake. Jina la mama mkwe wangu liliandikwa, naye aliomba asomewe tena ili asikie. Vipande vyetu vya mahame vikapimwa kwa mnyororo, na kwa kila nyumba bwana akasema neno lile lile: atakuja mwenyewe kila msimu wa kodi, wakati wowote apendao, na nyumba atakayoikuta haina mlango itatoka kwenye karatasi, na ardhi yake pia. Vigingi wanaume walivibeba tena mpaka ng'ambo ya korongo, na huko ndiko safu mbili zile zilikojengwa. Zilijengwa kweli, na bati lake lilituumiza macho, lakini uchafu wake ulishuka upande mwingine.

Kodi tulilipa, tisa, kila mwaka. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wanaume, na janga lenyewe nilikuwa mimi. Mwaka wa pili mume wangu aliuza fahali aliyemleta kutoka Kongwa, akakaa siku mbili bila kunisemesha. Sikumlaumu, na sikujuta.

Lakini nirudi kwenye siku iliyofuata, maana wanaposimulia wao huishia jana yake. Asubuhi na mapema wanaume walikaa zizini wakakubaliana milango izibwe. Bwana amekwenda, walisema, na msimu wa kodi uko mbali. Tutaziba sasa, tulale salama, na akikaribia tutatoboa tena. Walikuwa wamepata tena ujanja wao na walionekana wamepona. Na si wanaume tu. Wanawake wanne walizibiwa milango yao kabla jua halijapanda, na wakashukuru, kwani usiku ule fisi walikuwa wamekuja hadi ukutani na hakuna aliyelala. Mke wa Mrangi aliziba nusu, akabakiza dirisha.

Mume wangu alikuja kwangu na kapu la udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, na fito begani. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Aliniambia nitoke, nyumba ya baba yake haitazami nje.

Nilimwambia kwamba sitatoka. Nilimwambia nimechoka kuzima moto na kuficha vyungu na kuwafundisha wanangu kumwita bibi yao mama. Bwana yule anaweza kuja kesho, na nikikutwa nimezibwa uwele wangu unakuwa wa reli. Akasema tutatoboa tena akija. Nikamwuliza mara ngapi. Akasema mara zote. Nikalishika jembe.

Alinitazama mimi, akalitazama jembe, akaamua kuanza na mahali pepesi. Akaenda mlango wa pili, kwa mama yake.

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale alipokuwa jana, na nadhani hakuwa ameondoka, kwani shuka lake lilikuwa na umande. Mwanawe akaweka kapu chini akamwamkia, akamwambia, mama, nimekuja kukuzibia.  Mama mkwe alikuwa ametazama mbele, juu ya uwele, kwenye lile tuta la mawe la kaburi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linalipata.

"Tangu mlipotuhamisha pale," akasema, "sijaamka nikamwona baba yako. Naamka, natazama mavi ya ng'ombe zenu. Leo nimeamka nimemwona."

Mume wangu alisimama. Nilikuwa nimesogea na jembe langu, tayari kwa lolote, lakini sikuhitajika. Wale waliokuwa wanaziba vyumba vingine wakamwita, wakamwuliza mbona hasikiki. Kisha akatua fito alizokuwa nazo begani, akapiga magoti, akachota udongo kapuni, akaanza kumtengenezea mama yake kizingiti, akiusawazisha kwa kiganja ili asijikwae akitoka.

Udongo uliobaki akaja nao akanitengenezea na mimi kizingiti.